Nilihesabu Watoto wa Wenzangu

Kila ninapohudhuria vikao vya akina mama, hapa Bukoba mjini au kule kwetu Muleba, hakosekani mmoja wa kunivuta kando na kuniuliza: "Mwalimu, wewe si ulikuwa unafundisha darasa la pili kama sisi? Imekuwaje leo unasimamia watafiti, tena wengine wana digrii mbili?" Huwa nawajibu kwa kicheko kwamba ni neema ya Mungu na miguu yangu miwili. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu. Nilipoombwa kuandika habari za kazi hii ya utafiti wa takwimu za elimu, niliona nisiseme nusu tena.

Nilianza kufundisha mwaka 1988 katika shule moja ya msingi wilayani Muleba. Kazi moja ambayo walimu wote waliikwepa ni kujaza takwimu za shule. Fomu zililetwa kutoka ofisi ya elimu kila mwaka: wavulana wangapi, wasichana wangapi, kwa kila darasa na kwa kila umri. Nilikabidhiwa mimi kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na kwa sababu nilikuwa mgeni, sikuweza kukataa. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi hii. Wanaodhani kwamba niliota ndoto au kusikia wito wasamehe, hapakuwa na kitu kama hicho.

Shida ilikuwa umri. Watoto wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Nilipita darasani nikiwasimamisha mmoja mmoja. "Una miaka mingapi?" "Minane, mwalimu." Wa pili yake, aliyekuwa mrefu kumpita kwa kichwa kizima, naye alijibu minane kwa kuwa mwenzake amesema hivyo na hakupigwa. Nikaandika minane. Usiku niliwasha taa ya chemli, nikajumlisha, jumla ya safu ikakubaliana na jumla ya mistari, nikalala kwa furaha. Sikujua bado kwamba hesabu inaweza kukubali na ikawa ya uongo vilevile.

Miaka hiyo mnaikumbuka. Mkoa wetu wa Kagera ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania, mwaka 1983. Nilipoanza kazi, hakikuwapo kitongoji kisicho na matanga. Mwaka 1993 zamu ilifika kwetu. Dada yangu alifariki, mume wake akiwa amemtangulia, akaacha binti wa miaka sita. Sikusita hata kidogo. Nilimleta kwangu, nikamwambia mimi sasa ndiye mama yake, na nilimaanisha nilivyosema.

Wakati huo nilikuwa na mtoto mmoja, na mwishoni mwa mwaka 1994 nikajifungua wa pili. Mume wangu alikuwa karani katika chama cha msingi cha ushirika, na bei ya kahawa mnajua inavyopanda na kushuka. Kumlipa yaya hatukuweza. Januari 1995 binti yule alipaswa kuanza darasa la kwanza. Nikasema mwakani. Mwaka 1996 nikajifungua tena, nikasema mwakani. Kila asubuhi mimi, mwalimu mwenye cheti, nilitoka kwenda kuwafundisha watoto wa wenzangu, na mtoto wa dada yangu akabaki nyumbani na mwanangu mgongoni.

Alianza shule Januari 1997 akiwa karibu na miaka kumi. Fomu za takwimu zilipokuja mwaka ule niliona aibu. Wenzangu wangeuliza ni mtoto wa nani huyu aliyechelewa hivi, na jibu lingekuwa ni wa Mwalimu. Basi nikaandika minane. Ilinichukua muda wa kuchovya kalamu tu, na nikaendelea na jina lililofuata.

Mwaka 2004 ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Ni lazima nieleze kidogo utafiti ule, kwa maana wengi wetu tulihojiwa bila kujua ulikuwa mkubwa kiasi gani. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia pamoja na Chuo cha Tiba cha Muhimbili walizitembelea kaya zaidi ya 900 katika vijiji na mitaa 51 ya mkoa wa Kagera, nyingine hadi mara nne. Walitaka kujua nini hutokea katika nyumba mtu mzima anapofariki: chakula, mashamba, afya, na shule za watoto. Miaka kumi baadaye ikaamuliwa watu walewale watafutwe tena, popote walipo. Kampuni ya utafiti ya EDI, iliyokuwa na ofisi yake hapa Bukoba, ndiyo iliyofanya kazi hiyo, na wahojaji wakahitajika.

Nilipomweleza mume wangu, aliniuliza maswali matatu. Je, ruhusa bila malipo kazini nitaipata? Kazi ya miezi ikiisha tutakula nini? Na nani atakaa na watoto? Yalikuwa maswali ya haki, sikukasirika. Usiku wa tatu akasema, "Nenda. Ila Jumapili uwe nyumbani." Mama mkwe akaja kukaa nasi. Hata hivyo kulikuwa na siku mama mkwe hakujiweza, na mume wangu akamenya ndizi mwenyewe. Katika nyumba ya Kihaya jambo hilo halifichiki. Majirani walikuja kuomba chumvi, chumvi wanayo, ili mradi wamwone. Alivumilia, nami sijasahau.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unapewa orodha ya majina ya watu waliokuwa katika nyumba fulani miaka kumi iliyopita. Unakwenda hadi kwenye kibanja kile, unauliza jina moja baada ya jingine: yupo? amehamia wapi? nani anajua anuani yake? Mmoja ameolewa kata ya pili, mwingine anavua samaki visiwani, mwingine yuko Mwanza, mwingine amevuka mpaka kuingia Uganda, nako wenzetu wakamfuata. Kaya zile zaidi ya 900 zilikuwa zimegawanyika hata tulipomaliza zikawa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Katika kila kaya 100 za mwanzo ambazo zilikuwa bado na mtu aliye hai, 93 tulimpata angalau mtu mmoja na kumhoji. Nimeambiwa na wataalamu kwamba ni nadra, hata katika nchi tajiri, kuwapata watu wengi hivyo baada ya miaka mingi namna ile. Mimi siwashangai. Nani Buhaya asiyejua ndugu wa jirani yake ameolewa wapi?

Majina ya tuliowahoji siwezi kuyataja wala vijiji vyao, tuliapa. Lakini acha niwaelezee bibi mmoja bila jina. Nilimkuta amekaa sakafuni, nyumba imetandikwa nyasi mpya. Akanikaribisha kwa kahawa za kutafuna.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kutuhesabu tena?"

Aliwakumbuka wale wa mwanzo. Orodha yangu ilikuwa na majina saba. Tulianza vizuri, tukafika kwa jina la binti yake. Bibi akanyamaza. Nikasubiri, kama tulivyofundishwa. Kisha akasema, "Huyo mwache hapohapo alipo." Katika dodoso kuna mahali pa kuandika kwamba mtu amefariki na mwaka gani. Sikuandika mbele yake. Niliandika nilipofika njiani, nimekaa juu ya jiwe.

Alikuwapo mjukuu, mtoto wa marehemu. Ana miaka mingapi? Bibi hajui. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo chuo cha ualimu hakikunifundisha. Humwulizi mtu mwaka, unamwuliza tukio. Je, wakati wa vita ya Amin, mwaka 1978? Hapana, huyu wa juzi. Je, wakati wa zile mvua kubwa za El Nino, mwaka 1997 kuelekea 1998? Alikuwa anatembea. Je, MV Bukoba ilipozama? Bibi akafikiri. "Siku ile ya kilio tulimweka chini hapa, akakaa mwenyewe bila kuegemezwa." Meli ilizama tarehe 21 Mei 1996. Mtoto anayekaa mwenyewe ana miezi sita au saba. Kwa hiyo alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1995, na alikuwa na miaka minane timamu, na shule hajaanza. Dakika kumi za mazungumzo, basi. Dakika kumi hizo sikuwahi kumpa mtoto yeyote wa darasani kwangu.

Tukampima uzito na urefu. Nilipofunga mkoba bibi akauliza, "Mkishaandika, mtatuletea nini?" Vijana wengine hapo hujibu kwamba serikali itaona, wafadhili watasikia. Nikamwambia, "Bibi, mimi sina ninacholeta. Kazi yangu ni kuandika." Akanitazama kwa muda. "Basi andika vizuri."

Mzee mwingine alinifukuza kabisa. Alinikumbusha yaliyompata Mfalme Daudi alipowahesabu watu. Nilirudi siku ya pili, nikamwuliza yule mchungaji mwenye kondoo mia alijuaje kwamba mmoja hayupo, kama hakuhesabu? Alicheka hadi akakohoa, akanikaribisha ndani. Naomba wachungaji wa kweli wanisamehe kama nilifasiri vibaya.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, lakini mimi niliyasikia miaka miwili baadaye katika semina hapa mjini. Wakati huo nilikuwa nimekwisha acha ualimu na nilikuwa msimamizi wa kikundi. Mtoa mada alieleza kwamba walichukuliwa watoto 718 ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa na baba na mama, wakafuatiliwa hadi 2004. Kati ya kila 100, watoto 19 walifiwa na mzazi kabla ya kutimiza miaka 15. Na mtoto aliyefiwa na mama alikuja kuwa mtu mzima akiwa amepungukiwa, kwa wastani, mwaka 1 wa shule na sentimita 2 za urefu, na pengo hilo halikuzibika tena. Kisha akataja uchambuzi mwingine wa takwimu zilezile, kwamba nyumba zilizofiwa zilijitahidi kuwabakiza shuleni watoto wakubwa. Walioumia ni wadogo waliofiwa na mama, ambao hawakuacha shule, ila walicheleweshwa kuianza.

Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilinikatalia. Nilikuwa nimezunguka vijiji vingi nikiwatafuta watoto hao, nikiwahurumia, nikiwapima kwa rula, na mmoja wao alikuwa amelala chumba cha pili nyumbani kwangu. Tena katika kumbukumbu za shule hayupo, maana niliandika minane.

Binti alikuwa nyumbani likizo, anasoma chuo cha ualimu. Nilimkuta uani anachambua maharage. Nilimweleza yote, kuchelewa kwake na ile minane niliyoandika. Hakuacha kuchambua.

"Mama mdogo, ya kuchelewa nilikuwa najua. Nilikuwa nakaa pale njiani na mtoto mgongoni nikiwahesabu wakipita. Walikuwa ishirini na watatu."

Baadaye kidogo akasema, "Kumbe ndiyo maana cheti changu cha darasa la saba kinasema nilizaliwa 1989." Akaenda kuinjika chungu. Sitadanganya kwamba siku ile alinisamehe. Ilichukua muda, na hayo ni yake kuyasema, si yangu. Vyeti vyake vyote mpaka leo vinasema 1989.

Akina mama wanaoniuliza njia ya kupanda katika kazi hii hutarajia niwaambie habari za masomo. Nilisoma, ndiyo. Nilijiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, nikasoma usiku watoto wamelala, na shahada nikaipata nikiwa na miaka arobaini na mitano, miwani juu ya pua. Kompyuta nilifundishwa na kijana wa umri wa kifungua mimba wangu, na siku ya kwanza niliinua ile puku hewani badala ya kuiburuta mezani. Utafiti wa pili wa kuwafuatilia watu wa Kagera, wa mwaka 2010, ulipofika kaya zaidi ya 3,300, nilikuwa msimamizi kamili. Mwaka huohuo Uwezo walianza nchini kupima kusoma na kuhesabu kwa kuwaendea watoto nyumbani, tukaona wengi wa darasa la tatu wanashindwa hadithi ya darasa la pili. Siku hizi dodoso la karatasi limekwisha, tunatumia vishikwambi. Hayo yote yanafundishika.

Jambo lililonifundisha uongozi ni hili. Mwaka 2012, katika utafiti mmoja ambao sitautaja, nilikuwa na kijana mhojaji hodari, mwandiko safi, hakosi siku. Jioni moja nikipitia madodoso yake nikakuta kaya kumi na mbili, na hata moja haikuwa na mtoto aliye nje ya shule. Wote saba, wote darasa la kwanza. Wote minane, wote darasa la pili. Nilijua mara moja ninachokitazama. Asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaniambia hajamwona mhojaji yeyote wiki ile. Kijana alikuwa ameyajaza mgahawani.

Nilipomwita alianza kulia kabla sijauliza. Mke wake alikuwa amejifungua kwa upasuaji na alitaka kumaliza mapema awahi nyumbani. "Mama, nisamehe, usiseme." Wasomaji, hapo ndipo penye kazi. Nisiposema, ninaandika minane mara ya pili. Nikimfukuza kama mwizi, mimi ni nani? Basi nilitoa taarifa kwa maandishi kwa wakubwa wangu siku ileile, madodoso yote kumi na mawili yakafutwa, na malipo ya siku zile akayakosa. Kisha nikaomba apewe siku nne aende kwa mke wake, akirudi aende tena kwenye kaya zile, na mimi niende naye. Walinikubalia kwa shingo upande. Njiani, tukiwa na pikipiki imezama kwenye matope, nilimsimulia habari za binti wa dada yangu. Katika kaya zile kumi na mbili tulipata tatu zenye watoto wasiosoma. Mmoja alifungua mlango akiwa na mtoto mgongoni.

Tangu siku ile kila ninapounda kikundi nauliza kwanza nani ana mgonjwa, nani ananyonyesha, nani mke wake ana miezi tisa. Anayenyonyesha nampa vijiji vya karibu, na nimewahi kumchukua yaya katika gari la kazi, ingawa nilielezwa kwamba hakuna fungu la fedha la yaya. Tulimlipa kwa mchango. Wapo wasimamizi wanaoniona mlegevu. Takwimu za vikundi vyangu huwa haziwarudii na maswali mengi, kwa hiyo wananiacha.

Binti wa dada yangu sasa ni mwalimu huku Muleba, na mwaka 2024 alikabidhiwa takwimu za shule yao. Alinipigia simu jioni moja ya mvua, nasikia matone yanavyopiga bati.

"Mama mdogo, nina mtoto ameandikishwa leo darasa la kwanza. Mwenyewe anasema ana saba, mjomba wake anasema tisa, cheti hana. Wananiambia takwimu zinatakiwa kesho, niweke hata minane."

Nilikaa kimya. Yeye pia alikaa kimya kidogo, kisha nikasikia anacheka.

"Hapana, sijaweka. Nimeshavaa mabuti. Bibi yake anakaa ng'ambo ya mto, nakwenda kumwuliza siku ya tetemeko mtoto huyu alikuwa tumboni au mgongoni."

Tetemeko lilitupiga tarehe 10 Septemba 2016. Nikamwambia achukue tochi.